Faragha ya Wawili Wakati wa Kipupwe

Lugha yetu ina neno ambalo watu wa pwani hulitumia kila mwaka na watu wa bara hulisikia kwa nadra, nalo ni kipupwe, yaani majira ya baridi yaingiayo baada ya masika, pepo za kusi zikiwa zimeshika barabara, baina ya Juni na Agosti. Mombasa na Unguja kipupwe ni neema tupu: hewa hupoa, usingizi huwa mtamu, na mtu aamkaye alfajiri huvuta shuka mabegani akamshukuru Mola wake. Nyamache, katika nchi ya Abagusii magharibi ya Kenya, majira yayo hayo yana sura nyingine kabisa. Huko ardhi imeinuka hata kukaribia mita 2,000 juu ya bahari, na kwa kuwa hewa hupungukiwa na joto kadiri ya nyuzi sita na nusu kila mtu apandapo mita 1,000, ile baridi ambayo kwa mtu wa Mombasa ni burudani, kwa mchuma chai wa Nyamache ni jambo la koti zito na kofia ya sufu. Ukungu hulala mabondeni mpaka saa tatu au saa nne za asubuhi, vidole hufa ganzi juu ya majani yenye umande, na moshi wa jikoni hukawia juu ya paa kabla ya kupanda.

Hata hivyo baridi hiyo haina nasaba na baridi ya Ulaya. Nyamache iko pungufu ya digrii moja kusini ya Ikweta, na kwa sababu hiyo mchana wake na usiku wake hulingana karibu mwaka mzima, ilhali London, mwishoni mwa Desemba, mchana huwa na saa nane tu, na jua hutua kabla ya saa kumi za jioni. Wakazi wa nchi hizo hurudishwa nyumbani na giza lenyewe. Na kwa kuwa usiku ni mrefu na nje hakukaliki, wapendanao wakajizoeza kutunga namna za kukaa pamoja, kama vile kuteleza juu ya barafu, kunywa kakao ya moto mkahawani, kuwasha mishumaa, au kutazama filamu wakiwa wamejifunika blanketi moja. Sizidharau desturi hizo, maana zimezaliwa na haja ya kweli. Lakini ziliwajia kwa shuruti ya majira, nasi ambao jua letu halitukimbii hatushurutishwi na kitu. Mtu wa Nyamache akipenda huweza kufanya kazi mwezi wa Julai saa zile zile alizofanya mwezi wa Februari, na aghalabu ndivyo afanyavyo. Kwetu basi kukaa wawili ni jambo la hiari, na jambo la hiari haliachi kumwuliza mtu sababu yake.

Swali lenyewe nitaliweka wazi, kwa kuwa nimelisikia likizungukwa mara nyingi katika mahubiri ya ndoa na katika mashauri ya wazee bila ya kuguswa. Mume na mke wakiketi pamoja pasipo kuzalisha kitu, wasichume, wasipalilie, wasihesabu fedha wala kupanga karo za watoto, ila wafurahiane tu, je, mbele ya Mungu wamefanya nini? Wamefuja wakati waliopewa kwa amana, au wamelipa deni? Mimi naamini kwamba wamelipa deni, tena deni ambalo wengi wetu huingia nalo kaburini. Habari za wachumba ambao hawajafunga ndoa naziweka kando, kwani mipaka yao inajulikana na wazazi wao wapo.

Hoja ya kwanza ya wale wasiokubaliana nami ni kazi, na hoja hiyo si nyepesi katika nchi ambayo mashamba yamegawanywa baina ya ndugu hata yakawa vipande, na kila kipande kinadaiwa chakula, karo na fedha za kanisa. Ila shahidi ninayemwita katika hoja hii ni mchai wenyewe. Tangu wakulima wadogo waruhusiwe kupanda chai, na tangu shirika la KTDA liundwe mwaka 1964 likawakusanyia majani yao na kuyapeleka viwandani, maisha ya vilima hivi yamefuata mmea huo kama vile maisha ya Lamu yalivyofuata pepo: majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, kituo cha kupimia, lori, kisha kiwanda cha Nyamache, na mwisho mnada wa Mombasa, ambako wanunuzi wakubwa huwa ni watu wa Pakistan, Misri na Uingereza. Mwenye shamba anajua kwamba kipupwe kikiingia chipukizi hukawia. Mmea hupunguza mwendo, kilo hupungua kituoni, na mkulima hulalamika; nami namsihi alitazame jambo hilo upya. Kama Muumba amejaalia hata mti usio na nafsi upate wakati wa kutulia, kwa nini tudhani kwamba watu wawili aliowapa nafsi na mapenzi wametakiwa wasitulie kamwe? Saa ambazo mchai umezirudisha si hasara yote. Sehemu yake ni karama, na karama isiyopokelewa hupotea.

Na liko jambo ambalo kila nikilifikiri hunitia huzuni. Majani yaliyochumwa na vidole vilivyokufa ganzi katika ukungu wa Nyamache husafiri bara na bahari yakapashe moto vikombe viwili mezani kwa mume na mke wa nchi ya mbali, ambao wameketi wakitazamana huku theluji ikianguka nje. Na huku nyuma, wale waliochuma, mume hunywa kikombe chake amesimama mlangoni akitazama ng'ombe, na mke hunywa chake ameinama mekoni akipuliza moto, kila mmoja kwa wakati wake, hawakuambiana neno ila la mboji na maziwa. Hakuna aliyewakataza kuketi. Umaskini haukuwakataza, maana chai ni yao na kuni ni zao. Walichokosa ni idhini ya nafsi zao wenyewe, ile sauti ya ndani imwambiayo mtu kwamba kuketi huku ni halali.

Hoja ya pili ni haya, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu naona imefahamika visivyo. Abagusii wana neno ensoni, na wingi wake chinsoni, nalo ni jamaa wa damu wa neno letu soni. Na kwa neno hilo hawakusudii tu ile fedheha impandayo mtu usoni, bali sheria kamili ya heshima baina ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto: mambo yasiyotajwa mbele ya nani, nani asimpite nani, nani asiketi wapi. Kwa ajili ya sheria hiyo mume na mke hawashikani mikono njiani wala hawaoneshani mapenzi mbele ya watu, na vijana waliosoma hudhani kwamba wazee wao hawakujua huba. Dhana hiyo ni potofu. Katika sheria hizo hizo za chinsoni mlikuwa na moja ambayo waandishi walioishi katika nchi hiyo katikati ya karne ya 20 waliiandika kwa makini, nayo ni kwamba baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Itafakari amri hiyo. Baba, mwenye boma, mwenye ardhi, mwenye ng'ombe waliolipa mahari, ambaye neno lake halirudishwi, hufika kwenye kizingiti cha nyumba hiyo ndogo akasimama. Ni nini kinachomsimamisha, ikiwa si kukiri kwamba ndani humo mna kitu cha wawili ambacho hata yeye hana haki nacho?

Wazee, basi, walijua faragha, tena waliijenga kwa sheria kabla ya kuijenga kwa udongo. Neno hili faragha tulilolipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni utupu na wasaa, yaani hali ya kuwa huna shughuli. Na katika Kiswahili cha zamani lilibeba maana zote mbili, siri ya mahali na nafasi ya wakati. Sisi wa leo tumeshika ile ya kwanza tukaisahau ya pili. Tuna milango yenye kufuli na vyumba vyenye mapazia, na ndani yake hatuna wasaa. Soni ilikuwa ukuta. Ukuta hujengwa ili kilicho ndani kihifadhiwe, na mtu akijenga ukuta kisha asiweke kitu ndani yake, kosa si la ukuta.

Nikumbushe pia kwamba ndoa ya Kigusii ya zamani haikuwa ya watu waliocheza pamoja utotoni. Mtu hakuoa katika ukoo wake. Binti wa Ababasi, ambao ndio wenyeji wa Nyamache, aliolewa na watu wa Getutu au Machoge au Nyaribari, na binti wa huko akaletwa Bobasi, nchi ya Ababasi, na koo hizo zilikuwa zikipigana. Aliingia nyumbani kwa wageni, na baada ya sherehe kuu ya ndoa iitwayo enyangi alivishwa miguuni pete za chuma, ebitinge, ambazo hazikuvuliwa mpaka mauti ya mume. Chuma kiliweza kumfunga kwa mumewe, lakini kuwazoeza watu wawili wageni hata wakawa rafiki hakukuwa katika uwezo wa chuma. Kazi hiyo ilifanywa na jioni nyingi za kuketi penye mafiga, na nyingi katika hizo zilikuwa jioni za baridi.

Sasa dini zinasemaje? Waislamu wamehifadhi kisa cha masahaba wawili, Salman na Abu Dardaa, waliofungwa undugu na Mtume. Salman alimzuru nduguye akamkuta mkewe amevaa mavazi duni, hana habari na nafsi yake. Alipouliza sababu, mwanamke akajibu kwamba mume wake hana haja na dunia, mchana hufunga na usiku husali. Salman akamlazimisha nduguye afuturu naye, na usiku akamzuia asisimame kusali mpaka usiku wa manane umepita, kisha akamweleza kwamba Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Shauri lilipofikishwa kwa Mtume, alimsadikisha Salman. Kinachonishangaza mimi katika kisa hiki ni kwamba Abu Dardaa hakuwa mlevi wala mzururaji. Alikuwa mcha Mungu, na ibada yake ndiyo iliyokuwa imemnyang'anya mkewe haki. Wachungaji, masheikh na wazee wa kanisa wanaotoka nyumbani kila jioni kwenda kuokoa ndoa za watu wengine na wakitafakari kisa hiki.

Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati, imetoa hukumu ambayo wapiga vita wa dunia hii hawajaifikia: mwanamume aliyeoa karibuni asiende vitani wala asitwikwe kazi yoyote ya umma kwa mwaka mzima, akae nyumbani, amfurahishe mkewe. Sheria haikusema akae apate mrithi, wala akae alime. Furaha ya mke imetajwa yenyewe, kama kazi ya kutosha kumzuia askari asiende vitani. Na Mhubiri, ambaye wengi humjua kwa ubatili wake tu, alipotaka kueleza kwa nini wawili ni bora kuliko mmoja, hakukimbilia falsafa ya juu. Miongoni mwa sababu zake aliuliza mtu alalaye peke yake atapataje moto. Huo ni ushahidi wa baridi, na watu wa Nyamache wanaufahamu bila ya mfasiri.

Nchi hii ya Gusii imejaa Waadventista Wasabato tangu wamisionari wao wafike Nyanchwa mwaka 1912, na mafundisho yao yana jambo ambalo laiti lingetiwa nguvu zaidi: kwamba Sabato na ndoa ni amana mbili zilizotoka Edeni pamoja, kabla ya dhambi. Kama ni ndugu, basi kila moja na iisaidie nyingine. Sabato imemfundisha Mgusii kwamba Ijumaa jua likitua, hapo baada ya saa kumi na mbili na nusu, panga huwekwa chini hata kama magugu yapo, na hakuna amwitaye mtu huyo mvivu. Lakini siku hiyo iliyotakaswa kwa kupumzika imejazwa vikao, kwaya, idara na makambi hata mume na mke huachana asubuhi wakakutana usiku, wote wawili wamechoka kwa ajili ya Bwana. Sisemi waache ibada. Nasema alasiri ya Sabato, baada ya chakula, wawili hao wakitoka wakafuata kijia cha ukingoni mwa mashamba ya chai, wakatembea polepole bila ya safari, hawatakuwa wamevunja kitu.

Mwanafalsafa Mjerumani Schopenhauer, katika kitabu alichokitoa mwaka 1851, alitunga mfano wa nungunungu waliobanana siku ya baridi ili wapate joto, wakachomana kwa miiba wakatengana, wakaona baridi wakarudi, mpaka wakapata umbali ambao joto linatosha na miiba haichomi. Mfano ni mzuri, na kwa majirani unafaa. Kwa mume na mke naukataa. Schopenhauer hakuoa, na mfano wake unawajua watu wanaotafuta kwa wenziwao joto tu, yaani manufaa. Mtu wa namna hiyo lazima apime umbali. Lakini ndoa haikukusudiwa kuwa hesabu ya miiba. Wakaao pamoja kwa wasaa mrefu hujua mwiba wa kila mmoja uko wapi na ulitokana na jeraha gani, na maarifa hayo hayapatikani kwa umbali wowote, yanapatikana kwa faragha.

Mtu ataniuliza, basi tufanye nini? Sitamwandikia orodha, ila nitataja ninayoyajua. La kwanza na lililo bora kwangu ni kupukuchua mahindi wawili penye moto usiku. Mavuno ya vilima hivi huangukia Julai na Agosti, na kazi hiyo ina hikima ya pekee, kwani mikono ina shughuli na ulimi uko huru, macho hayalazimiki kutazamana wakati neno ni zito, na kimya kikiingia hakimwaibishi mtu, kwa kuwa punje zinaendelea kuanguka. Hapo hutoka maneno ambayo mezani yasingetoka. Sharti lake ni moja: gunia lisihesabiwe. Siku gunia litakapohesabiwa, kupukuchua kumerudi kuwa kazi. Hindi bichi la kuchoma, lililomenywa na mmoja na kugeuzwa makaani na mwingine, nalo lina ladha isiyonunuliwa. Kadhalika ugali wa wimbi na mboga ya saga iliyolala katika maziwa. Kwa Wasabato wengi wasiokunywa majani ya chai kwa ajili ya mafundisho ya afya ya kanisa lao, uji wa wimbi hutimiza yote ambayo nimeyasema juu ya kikombe.

Wako wenye sauti, na hao wana kitabu cha Nyimbo za Kristo. Wimbo mmoja ukiimbwa na wawili, mmoja akishika sauti ya juu na mwingine ya chini, jikoni, pasipo mwalimu wa kwaya, ni ibada na ni mahaba kwa pamoja. Na wenye nauli wanaweza siku moja kupanda milima ya Manga wakautazama mji wa Kisii ukifunuka chini yao kadiri ukungu unavyoondoka, au kushuka Tabaka wakawaone mafundi wa mawe laini, jinsi jiwe linavyochongwa lingali na unyevu na kusuguliwa kwa msasa na maji mpaka liteleze kama ngozi. Nimetaja safari mwishoni kwa makusudi. Mume asiyeweza kukaa nusu saa na mkewe jikoni hatamwona mkewe Manga.

Na liko moja dogo kuliko yote, nalo ni maji ya kuoga. Asubuhi ya Julai, maji ya baridi ya Nyamache ni adhabu, na mke ndiye awashaye moto, ayapashaye, ampelekeaye mume. Hivyo ndivyo ilivyo nyumba baada ya nyumba. Mwana Kupona, bibi wa Pate, alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akimfundisha namna ya kumtunza mume na kumliwaza, na kazi yake imedumu kwa haki, maana ni kazi ya mama mwenye huruma aliyekuwa mgonjwa. Lakini kila niusomapo huwaza, yuko wapi baba wa zama zake aliyemwandikia mwanawe wa kiume utenzi wa namna hiyo, amfundishe kumliwaza mke? Simjui. Kwa kuwa hakuandika, wanaume tumedhani kwamba faragha ni mahali tunapohudumiwa, na nusu ya deni nililolitaja tangu mwanzo imebaki juu yetu sisi.

Kwa hiyo mume uliyefuatana nami mpaka hapa, uwe Nyamache au kwingineko kwenye baridi, nakuomba jambo moja tu. Jioni ya leo shika wewe birika, mimina vikombe viwili, kimoja umpe mkeo akiwa ameketi, kisha nawe vuta kigoda uketi.